Mzee au ndugu mwenye ulemavu anateswa nyumbani: mwongozo kamili wa kuomba amri ya ulinzi mahakamani Kenya

Nimewasindikiza watu masijala ya mahakama mara za kutosha kujua wanapokwama. Binti anakuja na mama yake wa miaka sabini na kitu, mkono umefungwa bendeji. Kituoni wameambiwa mambo ya mama na mwanawe yakamalizwe nyumbani. Chifu ameshawapatanisha mara mbili. Karani anauliza, "Mnaomba nini?" Binti anajibu, "Tunataka haki." Faili haifunguliwi kwa jibu hilo, na mama anarudi kulala nyumba moja na anayempiga.

Sheria ya kumsaidia ipo: Sheria ya Ulinzi dhidi ya Dhuluma za Nyumbani, Nambari 2 ya 2015. Wengi wanadhani ni sheria ya mume na mke. Sivyo ilivyoandikwa. Inamlinda mama dhidi ya mwanawe, babu dhidi ya mjukuu, mjane dhidi ya shemeji, kijana mwenye ulemavu wa akili dhidi ya kaka yake. Haianzi kwa kuuliza umri wala aina ya ulemavu. Inauliza mambo mawili: huyu ni nani kwako, na amekutendea nini? Karibu kila ombi ninaloona likirudishwa limeshindwa kujibu mojawapo ya hayo mawili.

Kama mtu yuko hatarini sasa hivi, acha kusoma. Piga 999 au 112, au 1195 ambayo ni laini ya bure ya kitaifa kwa waathiriwa wa dhuluma za kijinsia. Mtoe hapo kwanza. Karatasi zitafuata.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kutoka nyumbani

- Kitambulisho cha anayedhulumiwa. Kikiwa kimefichwa na mdhulumu, andika nambari yake, na uandike pia kwamba kimefichwa. Kumnyima mtu mzima kitambulisho chake ni sehemu ya ushahidi.
- Nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi) kutoka kituoni, kama mmesharipoti.
- Kadi za kliniki, karatasi za hospitali, vifurushi vya dawa zilizokatizwa, na fomu ya P3 (fomu ya polisi ambayo daktari huijaza kuhusu majeraha) ikiwa imejazwa.
- Picha za majeraha, za chumba anacholala, za kufuli iliyo nje ya mlango. Usizihariri. Zihifadhi kwenye simu iliyozipiga.
- Taarifa ya M-Pesa au ya benki, hasa kama analipwa pensheni au Inua Jamii, pesa za serikali za kuwasaidia wazee na wenye ulemavu mkubwa.
- Kitu kinachoonyesha uhusiano: cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, barua ya chifu.
- Majina na nambari za simu za mashahidi wawili waliojionea kwa macho.
- Daftari dogo la tarehe.
- Jina la mtu atakayempikia, atakayemwogesha na kumpa dawa kuanzia siku ombi litakapowasilishwa.

Hicho cha mwisho hakuna karani atakayekuuliza, lakini ndicho kinachoamua kesi nyingi. Mara nyingi anayempiga mzee ndiye huyohuyo anayemchotea maji. Mzee analijua hilo kuliko wewe. Akiulizwa na hakimu huku hajui nani atamgeuza kitandani usiku, atasema hakuna shida, mwanangu ni mtu mzuri. Tafuta mpwa, jirani, au dada wa msikitini au kanisani, mkubaliane zamu, ndipo muende mahakamani.

## Hatua ya 1: Zungumza naye akiwa peke yake

Mdhulumu hupenda kuwa mkalimani. Bibi anaulizwa swali, mjukuu anajibu. Kwa kiziwi ni vibaya zaidi, kwa sababu pengine nyumba nzima ni mtu mmoja tu anayeielewa lugha yake ya ishara.

Mtafutie nafasi ya peke yake: siku ya kliniki, njia ya kisimani, barazani kwa jirani. Muulize maswali mafupi. Analala wapi? Nani anashika simu yake? Chakula anapata saa ngapi? Anamwogopa nani? Kisha muulize anataka nini. Wengi hawataki mtoto wao afungwe; wanataka apunguze mikono na awarudishie pesa zao. Hilo mahakama inaweza kuliamuru bila mtu kwenda jela, na ukimweleza hivyo, hofu yake hupungua sana.

Tahadhari. Mtu mzima mwenye akili timamu ana haki ya kuamua, hata ukiona anakosea. Uzee peke yake haumwondolei uamuzi, wala upofu, wala kiti cha magurudumu. Ukimburuta mahakamani kwa nguvu, umemdhulumu kwa namna yako.

Utajua hatua hii imekamilika atakapokueleza kwa maneno yake mambo mawili au matatu yaliyotokea, na kitu kimoja anachotaka kibadilike.

## Hatua ya 2: Hospitali, kisha polisi

Nendeni hospitali kwanza kama kuna jeraha lolote. Mwambie daktari waziwazi kilichotokea na aliyefanya, maana mzee akisema "nilianguka", neno hilo litaandikwa na litasomwa mahakamani dhidi yake.

Ikiwa kuna dhuluma ya ngono, na wazee na watu wenye ulemavu hubakwa kuliko tunavyokubali kusema, fikeni ndani ya saa 72 ili apate dawa za kuzuia maambukizi ya Virusi vya Ukimwi. Asioge. Nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, kwa sababu plastiki hutunza unyevu na kuharibu ushahidi. Ombeni fomu ya PRC, ambayo ni ya dhuluma za ngono, mbali na P3. Jambo hili halimalizwi kwa kikao cha wazee wala kwa mbuzi.

Kituoni, ulizeni dawati la jinsia. Polisi anayepokea malalamiko haya ana wajibu chini ya sheria ya 2015: amweleze mlalamishi kuhusu makazi salama na matibabu, na amfahamishe haki yake ya kuomba amri ya ulinzi pamoja na haki ya kufungua kesi ya jinai. Mlalamishi anaweza kuomba kuandikisha taarifa mbele ya afisa wa jinsia yake. Mkiambiwa "hayo ni ya nyumbani", jibuni kwa utulivu kwamba kuna sheria ya dhuluma za nyumbani, na kwamba mnaomba tukio liingizwe kwenye OB. Akikataa, ombeni kumwona OCS, yaani mkuu wa kituo. Andikeni jina la afisa, tarehe na saa.

Jirani naye asinyamaze. Mtu anayeshuku kwa sababu za maana kwamba mwenzake anadhulumiwa anaweza kutoa taarifa, hata kama si ndugu.

Msitoke kituoni bila nambari ya OB. Ombi la amri ya ulinzi linaweza kwenda mahakamani bila hiyo, lakini nambari hiyo humwonyesha hakimu kwamba jambo hili halikubuniwa jana.

## Hatua ya 3: Thibitisha uhusiano

Kifungu cha 4 ndicho mlango wa sheria hii. Kinahesabu uhusiano wa kinyumbani kuwa ni pamoja na walio au waliowahi kuwa kwenye ndoa, wanaoishi nyumba moja, watu wa familia moja, wachumba, waliozaa pamoja, na walio na uhusiano wa karibu wa kibinafsi. Familia imepanuliwa vya kutosha: mzazi, mtoto wa kambo, mtoto wa kulea, mtoto aliyekwishakuwa mtu mzima, ndugu, na jamaa wengine wa damu au wa ndoa.

Kwa hiyo mkaza mwana anayemnyima mama mkwe chakula ameingia. Mpwa anayeishi Mombasa na kuja Lamu mwisho wa mwezi kuchukua pensheni ya mjomba ameingia pia, kwa kuwa ni mtu wa familia. Hata msaidizi wa kazi anayelala humohumo anaweza kuingia kwa njia ya kuishi nyumba moja.

Asiyeingia kwa urahisi ni mfanyakazi wa makao ya kutunzia wazee, anayefika asubuhi na kwenda zake jioni. Huyo mfuate kwa sheria ya jinai na kwa malalamiko kwa afisa wa ustawi wa jamii. Usipoteze miezi ukimlazimisha kwenye kifungu cha 4.

Andika uhusiano huo kwa sentensi moja: "Mlalamikiwa ni mtoto wangu wa tatu na tunaishi boma moja tangu 2016." Ambatisha karatasi moja inayothibitisha. Hapo pametosha.

## Hatua ya 4: Ipe dhuluma jina lake la kisheria

Hapa ndipo maombi mengi ya wazee yanapofia. Familia inaandika "anamtelekeza", hakimu anatafuta neno hilo kwenye orodha ya kifungu cha 3, halipo. Kutelekeza hakukutajwa kwa jina. Lakini matendo yanayofanya utelekezaji yamo, tena mengi. Kazi yako ni kulivunja neno kubwa hilo vipandevipande.

Kumkatia dawa, chakula au nauli ya kliniki. Hii ni dhuluma ya kiuchumi. Sheria inaieleza kuwa ni pamoja na kumnyima mtu, bila sababu ya haki, pesa au mali anayostahili au anayoihitaji kwa lazima, matibabu na mahitaji ya nyumbani yakiwemo.

Kuchukua pesa zake. Inua Jamii ni shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wenye miaka 70 na zaidi, na pia kwa wenye ulemavu mkubwa. Jamaa anashika simu na PIN, au ameandikishwa kuwa mpokeaji kwa niaba ya mzee, na pesa haifiki. Taarifa ya M-Pesa inaonyesha tarehe pesa ilipoingia na saa ilipotolewa. Iweke kando ya kadi ya kliniki inayoonyesha dawa ya presha haikununuliwa mwezi huohuo. Karatasi hizo mbili zikikaa pamoja hazihitaji maelezo marefu.

Kumfungia chumbani, kumzuia choo, kuficha mkongojo, kiti cha magurudumu au kifaa cha kusikia. Kifungu cha 3 kinataja kumnyima au kumzuia mtu kutumia kwa kiasi cha haki huduma za makazi yake. Choo ni huduma ya makazi. Jiko na mlango wa mbele ni vivyo hivyo. Kwa asiyeweza kutembea bila kiti, kuhamisha kiti ni sawa na kufunga mlango kwa kufuli. Andika hivyo kwenye kiapo, usingoje hakimu akisie.

Matusi na vitisho. Dhuluma ya kihisia inahitaji mwenendo: matusi, kejeli au vitisho vinavyorudiwa. Kwa hiyo usiandike tukio moja. Andika maneno yenyewe, kwa lugha aliyotukaniwa, na mara ngapi kwa wiki.

Kuitwa mchawi. Hili naliandika kwa uchungu. Huku Kilifi wazee wameuawa kwa kisingizio cha uchawi, na mara nyingi nyuma ya neno hilo kuna shamba ambalo mtu hataki kungoja kulirithi. Kituo cha Kaya Godoma, Ganze, kimewahifadhi wazee waliokimbia makwao kwa sababu hiyo. Mzee akianza kuitwa mchawi na jamaa zake, usilichukulie kuwa ni ugomvi wa maneno. Ni vitisho kwa maana ya sheria ya 2015, na kumsingizia mtu uchawi kienyeji ni kosa peke yake chini ya Sheria ya Uchawi, Sura ya 67. Nywele nyeupe na macho mekundu ya moshi wa kuni yamewaponza watu ambao hawakuwa na kosa lolote isipokuwa kuishi muda mrefu.

Kumtia dole gumba kwenye hati za ardhi. Amri ya ulinzi haifuti uhamisho wa shamba. Pamoja na ombi lako, nenda ofisi ya ardhi ukaombe zuio liwekwe kwenye rejista ya shamba hilo chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, ili lisihamishwe kimyakimya kesi ikiendelea. Nenda wiki hiyohiyo.

Mambo mengine. Orodha ya kifungu cha 3 inamalizia na tendo lolote lingine linalodhuru, au linaloweza kudhuru karibuni, usalama, afya au ustawi wa mtu. Mzee aliyeachwa na vidonda vya kulala bila kugeuzwa anaingia hapa. Mbali na hilo, kifungu cha 216 cha Kanuni ya Adhabu kinampa wajibu yeyote aliyeshika ulezi wa mtu asiyeweza kujitoa wala kujitafutia, kwa uzee, ugonjwa au sababu nyingine: lazima ampatie mahitaji ya lazima ya maisha. Wapeni polisi nambari ya kifungu hicho. Wengi wao wamekizoea kwa watoto tu.

Unaweza pia kutaja Katiba ya 2010 kwa sentensi moja. Ibara ya 57 inampa mzee, ambaye kwa Katiba ni mwenye miaka 60 au zaidi, haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa na kupata matunzo ya familia yake na ya serikali. Ibara ya 54 inawahusu watu wenye ulemavu. Sentensi moja tu. Hakimu anaijua Katiba, asichokijua ni yaliyotokea kwenu.

## Hatua ya 5: Amueni nani anaomba

Kama anaweza, aombe mwenyewe. Ombi la mtu mwenyewe ndilo lenye nguvu.

Kama hawezi, sheria inaruhusu mwingine aombe kwa niaba yake. Kuna hali mbili na ni muhimu kusema ni ipi. Ya kwanza ni mtu asiye na uwezo wa kiakili wa kuendesha shauri, kama mwenye ugonjwa wa kusahau uliokomaa. Hapo pata barua ya daktari inayoeleza hali yake. Neno la mtoto peke yake ni dhaifu. Ya pili ni mtu mwenye akili zake kamili ambaye mwili, hofu au sababu nyingine ya msingi inamzuia. Huyu weka ushahidi kwamba amekutuma au kwamba hajakataa: alama ya dole gumba, au taarifa ya jirani aliyemsikia.

Tahadhari. Mwombaji asiwe mtu mwenye faida kwenye shamba lilelile, kama kuna mwingine anayeweza kuomba. Ndugu wawili wakigombea urithi, kila mmoja hudai anamtetea baba, na mahakama huchoka nao wote. Shangazi asiye na fungu, au mfanyakazi wa ustawi wa jamii, husikilizwa vizuri zaidi.

Mkihitaji wakili na hamna uwezo, jaribuni Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliyoundwa na sheria ya 2016, au FIDA Kenya, shirika la mawakili wanawake, ikiwa anayedhulumiwa ni mwanamke.

## Hatua ya 6: Andika hati ya kiapo

Unaweza kuiandika kwa Kiswahili. Mahakama za chini Kenya hutumia Kiingereza au Kiswahili, na maandishi yanaruhusiwa kwa lugha zote mbili. Ninalisisitiza hili kwa sababu nimewaona watu wakilipa mwandishi wa nje ya lango kuwaandikia Kiingereza wasichokielewa, kisha wakiulizwa maswali wanakipinga kiapo chao wenyewe.

Hivi ndivyo wengi huandika:

*"Mwanangu ananitesa sana kwa muda mrefu na ninaomba mahakama inisaidie."*

Hivi ndivyo inavyopaswa kuwa:

*"Nina umri wa miaka 74 na macho yangu hayaoni vizuri. Mlalamikiwa ni mtoto wangu wa tatu. Tunaishi boma moja. Tarehe 3 Februari, kiasi cha saa mbili usiku, alinisukuma mlangoni mwa jiko, nikaanguka na kuumia mkono wa kushoto. Mjukuu wangu alikuwepo. Kesho yake nilipelekwa zahanati. Kadi nimeiambatisha kama kielelezo A. Tangu Novemba, pesa zangu za Inua Jamii zikiingia, huchukua simu yangu na kuzitoa. Taarifa ya M-Pesa ni kielelezo B. Sijapata dawa ya presha kwa miezi mitatu. Juzi aliniambia nikienda tena kwa chifu atanichomea nyumba. Ninaogopa kulala."*

Angalia mpangilio wake: udhaifu wake, uhusiano, tukio lenye tarehe, shahidi, kielelezo, mwenendo unaorudiwa, na hofu ya sasa. Matukio matatu yaliyoandikwa hivi yanazidi kurasa kumi za malalamiko. Anza na la karibuni zaidi. Yale ya miaka mingi nyuma yape aya moja.

Mtu asiyejua kusoma, au asiyeona, lazima asomewe kiapo kizima kwa lugha anayoielewa, iwe Kigiriama, Kikamba au Kidholuo, kabla hajatia dole gumba. Na chini ya kiapo paandikwe aliyemsomea, kwa lugha gani, na kwamba alionekana kuelewa. Maandishi hayo yakikosekana, wakili wa upande wa pili atakishambulia kiapo chenyewe, na mzee wenu ataachwa bila maneno. Kiapo kinaapwa mbele ya kamishna wa viapo au hakimu.

Msomee kwa sauti mara ya mwisho. Akikukatiza na kusema, "Hapana, haikuwa Jumatatu, ilikuwa siku ya mnada," shukuru na urekebishe. Sasa kiapo kimekuwa chake.

## Hatua ya 7: Omba amri unazozihitaji, kwa majina

Mahakama haikisii. Mnaweza kuomba mlalamikiwa akatazwe kumpiga, kumtisha au kumtukana mwombaji. Asimtume mtu mwingine kufanya hivyo. Asiingie au asibaki kwenye nyumba. Asimzuie kutumia choo, jiko au vifaa vyake. Ombeni pia kitambulisho, kadi ya benki, simu na dawa virudishwe. Kwa jeraha au mali iliyoharibiwa, sheria inaruhusu mahakama kuamuru fidia.

Fikirini vizuri juu ya kumwondoa nyumbani. Kama ndiye mlezi pekee na hamjapata mwingine, ombeni kwanza amri ya kukataza dhuluma huku akibaki, pamoja na pesa za mzee kupokelewa na mtu mwingine. Kama amempiga kwa silaha au amemtisha kumuua, ombeni aondoke, na ule mpango wa zamu uanze kazi jioni hiyohiyo.

## Hatua ya 8: Wasilisha, na uombe amri ya muda

Shauri hili huenda kwa mahakama ya hakimu mkazi, si Mahakama Kuu. Hati sasa hupokelewa kwa mfumo wa mtandao wa mahakama. Masijala huwasaidia wasio na kompyuta. Chapeni nakala tatu za kila kitu.

Kama hatari ni ya sasa, ambatisheni hati ya dharura na muombe amri ya muda itolewe kabla mlalamikiwa hajasikilizwa. Mahakama inaweza kufanya hivyo ikiridhika kwamba kuchelewa kungemletea mwombaji madhara au taabu kubwa. Sababu ya dharura iandikwe waziwazi: "Alitishia kuchoma nyumba tarehe fulani, na mwombaji hawezi kutembea bila kusaidiwa." Sentensi hiyo inaonyesha kwa nini mtu huyu hawezi kusubiri kama wengine.

Tahadhari. Msimpelekee mlalamikiwa hati wenyewe. Mwachieni mpelekaji hati wa mahakama au polisi. Siku anapopokea ndiyo siku ya hatari kubwa kuliko zote. Mzee asiwe peke yake usiku huo, na ikiwezekana alale kwingine.

Mmefaulu mkitoka na vitu vitatu: nambari ya kesi, amri ya muda yenye muhuri, na tarehe ya kusikilizwa.

## Hatua ya 9: Siku ya kusikilizwa

Wiki moja kabla, waandikieni masijala kama mzee anahitaji mkalimani wa ishara, ukumbi wa chini usio na ngazi, au kusikilizwa mapema kabla hajachoka. Ibara ya 50(7) ya Katiba inairuhusu mahakama kukubali msemaji wa kati amsaidie mlalamishi kuwasiliana nayo. Kwa mwenye ulemavu wa akili au aliyepooza ulimi, hili hubadilisha kila kitu. Ombeni, mahakama haitajua hitaji lake msipolisema.

Ombeni pia asikae benchi moja na mlalamikiwa. Nimeona mama akigeuza maneno yake kwa sababu ya kikohozi tu cha mwanawe nyuma yake.

Jamaa watakuja na pendekezo la kupatana. Mzee akikubali kwa hiari, masharti yaandikwe na yafanywe amri ya mahakama. Kuondoa kesi kwa ahadi ya mdomo kumewarudisha watu wengi pale walipoanzia, na safari hii bila nguvu ya kurudi tena.

## Hatua ya 10: Amri ikishatoka

Someni tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye amri na muiweke kwenye simu za watu wawili. Pelekeni nakala kituo cha polisi kilicho karibu na nyumbani, kwa chifu, na kwa mzee wa mtaa. Afisa wa zamu asiyewahi kuiona amri atawarudisha mwanzo kabisa.

Akiivunja, hata kwa kupita mlangoni mara moja kama amekatazwa, ripotini siku hiyohiyo. Kuvunja amri ya ulinzi ni kosa la jinai: faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi 12, au vyote viwili. Msisubiri mara ya tatu mkimwonea huruma. Kila uvunjaji usioripotiwa utatumiwa mahakamani kuonyesha kwamba mwombaji mwenyewe hakuijali amri.

Na mtembeleeni mara kwa mara, bila kutangulizia simu. Angalieni kama kiti kiko mahali anapoweza kukifikia, kama kifurushi cha dawa kimepungua inavyotakiwa, na simu iko mkononi mwa nani. Nakala moja ya amri muitie kwenye mfuko wa plastiki na muitundike nyuma ya mlango wa chumba chake, nambari ya OB na ya dawati la jinsia zikiwa zimeandikwa juu yake kwa herufi kubwa, ili hata mtoto wa jirani aweze kupiga.